Tripu Moja Zaidi

Ujumbe wenyewe bado uko kwenye simu yangu. Ni wa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Dere ameandika: "Boss leo kumelala. Niko na 2,700. Mvua na jam." Chini yake nimejibu: "Jaribu tripu moja zaidi." Chini ya hapo kuna kidole gumba chake, kile cha njano.

Kabla ya saa mbili usiku konda wetu alikuwa amelazwa kwenye benchi la hospitali, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Alikuwa amening'inia mlangoni akiita abiria. Gari likaingia shimo lililojaa maji, kwa mwendo ambao halikupaswa kuwa nao usiku wa mvua, naye akachomoka. Bahati yake gari lililofuata lilikuwa mbali.

Polisi waliandika walichoandika. Swali langu si la polisi. Tulikuwa watu watatu: dere aliyekanyaga mafuta, konda aliyening'inia, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kochi na kikombe cha chai. Nani alivunja ule mguu? Nimelizungusha kichwani miezi minne sasa, na kila nikiliangalia upya jibu linasogea upande wangu.

Gari si langu, ni la mama. Alistaafu ualimu, akachukua pesa ya kustaafu, akaongeza mkopo wa chama, akanunua matatu ya viti kumi na nne. Mimi ndiye mtoto anayejua kompyuta, kwa hivyo nikakabidhiwa usimamizi. Usimamizi wenyewe ulikuwa kupokea M-Pesa kila jioni na kumpigia mekanika simu. Sikuwahi hata kupanda gari letu kutoka mwisho mmoja wa ruti hadi mwingine.

Mkataba wetu na dere haukuwa na karatasi. Ulikuwa neno moja: tageti. Kila siku, 3,500. Mafuta ni yao, chai ya polisi ni yao, kamagera wa steji ni wao, kuosha gari ni wao. Kinachobaki juu ya hapo ni chao, dere na konda wagawane. Springi ikikatika, hiyo ni yetu. Wenzetu wa daladala kule Dar es Salaam huiita hesabu, na mimi naona neno lao ni zuri kuliko letu. Hesabu mtu hudaiwa, na anayedai naye anaweza kudaiwa.

Kwa nini tageti? Si kwamba wenye matatu ni watu wabaya. Ni kwamba hawaoni. Ukimlipa dere mshahara, unawaza, atapaki chini ya mti alale. Ukisema mgawane kila kinachoingia, siku ya 8,000 atakuambia ilikuwa 5,000, na wewe uko mjini kwenye ofisi, utajuaje? Nauli haina risiti. Basi unaamua kuacha kuuliza. Unataja namba moja, na mengine yote unamwachia yeye. Mama, ambaye alifundisha hesabu miaka thelathini, ana methali yake kwa hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Tageti ni daftari la mtu asiyeweza kuwepo.

Wanauchumi wameliandikia tatizo hili vitabu vizima: jinsi ya kumpa mtu kazi ambayo huwezi kumwona akiifanya. Makala moja maarufu ni ya Jensen na Meckling, ya mwaka 1976. Kinachonichekesha ni kwamba wao walikuwa wanawaza mameneja wa makampuni makubwa ya Marekani, watu wa ofisi zenye zulia, na namna wanavyoweza kutumia pesa za wenye hisa kwa raha zao. Mtu wa kutiliwa shaka alikuwa yule mwenye nguvu. Hayo mawazo yaliposhuka ngazi hadi kufika steji, mshukiwa akawa mtu anayelala saa tano usiku na kuamka saa tisa.

Sasa niseme jambo la aibu. Baada ya ajali, kabla sijaenda kumwona konda, nilifungua laptopu. Kazi yangu ya mchana ni takwimu, na sisi watu wa takwimu tukiogopa huwa tunaandika programu.

Kuna aina ya modeli ambayo huanzi na fomula kubwa ya uchumi mzima. Unaanza na watu wadogo wadogo ndani ya kompyuta, kila mmoja na kanuni zake chache, halafu unawaachilia waishi pamoja uone kitakachotokea. Thomas Schelling alionyesha nguvu ya wazo hili mwaka 1971, na alihitaji sarafu na ubao wa miraba tu. Alionyesha kwamba watu wasio na chuki kubwa, wanaotaka tu wasiwe wachache sana mtaani kwao, wanaweza kuishia kwenye mji uliogawanyika kabisa kwa rangi. Hakuna aliyekusudia mji ule. Kila mmoja alihama kidogo tu.

Mimi nilitengeneza madereva 100. Kila mmoja alikuwa na kiasi chake cha uangalifu, kumbukumbu ya siku alizokosa tageti, na jicho la kuwatazama wenzake. Barabara moja, abiria wale wale. Kila siku na bahati yake: mvua, msako wa polisi, mwisho wa mwezi. Anayemfikia abiria kwanza ndiye anayembeba. Anayekosa tageti siku tatu mfululizo anafutwa, na mgeni anayechukua nafasi yake anaiga yule aliyefanya vizuri. Hakuna niliyempa ulevi, miraa wala roho mbaya. Nilitaka kuona kama ajali inahitaji mtu mbaya.

Haikuhitaji. Kwanza, waliokimbia kuliko wote hawakuwa wenye tamaa. Nilidhani dere aliyeshavuka tageti ndiye angekanyaga zaidi, maana kila shilingi sasa ni yake, na kweli wapo waliofanya hivyo. Lakini saa zile za jioni, hatari kubwa ilikuwa kwa wale waliobakisha kidogo. Aliyebakisha mia saba au mia nane, na tripu moja inaweza kumfikisha. Wa mbali kabisa walikuwa wamekata tamaa, wakaenda mwendo wao. Niliangalia ile grafu muda mrefu. Kutoka 2,700 hadi 3,500 ni mia nane.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Kadiri siku za modeli zilivyosonga, madereva waangalifu walipungua mpaka wakawa wa kuhesabika. Si kwamba walibadilika roho. Walifutwa. Dere mtaratibu alipitwa, abiria wake wakachukuliwa mbele yake, akakosa tageti, akaondoka, na aliyekuja baada yake alikuwa amejifunza kwa aliyempita. Ukiangalia barabara ile mwishoni ungesema, kama tunavyosema kila siku tukiwa tumebanwa kiti cha nyuma, "hawa watu wa matatu ni wazimu." Kumbe wazimu ndio waliobaki baada ya sisi kuchuja.

Najua modeli si barabara. Modeli hukurudishia ulichoweka ndani, na mimi niliweka nilichoweka. Kwa sababu hiyo nikarudi kusoma kanuni nilizoandika, mstari kwa mstari, nione nimemwonea nani. Tabia za dereva zilichukua karibu mistari arobaini. Tabia za mwenye gari zilichukua miwili: pokea pesa, ikipungua mara tatu, futa.

Sikuwa nimefanya makusudi, na ndiyo maana iliniuma. Nilikaa kuwaza kwa makini jinsi dere anavyoweza kudanganya, kukimbia, kuiga, kuogopa. Mwenye gari sikumpa hata jicho. Na vitabu nilivyosoma vimefanya hivyo hivyo. Tabia ya mfanyakazi asiyeonekana ina jina rasmi katika uchumi, huitwa hatari ya kimaadili. Maadili ya nani? Ya aliye chini. Tabia ya bosi anayepanga mambo ili asione haina jina, au kama inalo, hatufundishwi mapema.

Lakini sisi huku tunalo jina lake. Tunalisema kila siku: sitaki kujua.

Wewe unayesoma huenda huna matatu. Lakini una supervisa aliyekuambia, "Sitaki kujua utafanyaje, nataka ripoti kwa meza yangu Ijumaa." Au umewahi kuagiza chakula kwa simu usiku wa mvua, ukaangalia kile kidoti cha pikipiki kikisogea kwenye ramani, ukanung'unika kwamba kinasogea polepole. Neno hilo huwa tunalisikia kama ukali tu. Mimi sasa nalisikia kama ununuzi. Anayesema sitaki kujua ananunua kitu: haki ya kupokea matokeo bila kubeba njia yaliyopitia. Na bei yake mara nyingi analipa mwingine.

Tuseme ukweli kuhusu tageti. Joseph Stiglitz aliandika mwaka 1974 kuhusu wakulima wanaolima shamba la mtu kwa mgao wa mavuno. Mnaogawana mavuno mnagawana pia ukame. Anayelipa kodi isiyobadilika, ukame ni wake peke yake. Tageti ni kodi ya namna hiyo. Mvua ikinyesha, jam ikifunga Jogoo Road, polisi wakiamua leo ni leo, mimi bado nangoja 3,500. Hatari yote ya siku niliisukuma kwa watu wawili wenye akiba ndogo kuliko yangu, halafu nikashangaa kwamba walijaribu kuikimbia. Kwa gari.

Serikali ilishawahi kuliona hili. Zile kanuni za Michuki za mwaka 2003, tunazozikumbuka kwa mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, zilitaka pia madereva na makondakta waajiriwe kazi ya kudumu. Mikanda tulifunga, angalau kwa muda. Mstari tulipaka. Ajira ndiyo kipengele tulichosahau haraka kuliko vyote. Mwaka 2014 ikaja amri ya kulipa nauli kwa kadi, nayo ikafa. Tulipenda kusema ni makanga waliozikataa kadi kwa sababu wangekosa cha kuficha, na sitakataa kwamba waliogopa. Ila nauli inayoonekana ingeonekana na wengi. KRA wangeiona, na siku ya ajali mahakama pia ingeona nani alikuwa anapata nini. Giza lile lilikuwa na wateja pande zote mbili.

Unaweza kusema dawa ni kuona zaidi. Funga kifaa, weka kamera, mwisho wa maneno. Nilidhani hivyo mpaka nikakutana na utafiti uliofanywa hapa hapa Nairobi, ambapo watafiti walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye matatu zaidi ya 250, na baadhi ya wenye magari wakapewa kuona taarifa kwenye simu zao. Mambo mengi yalikwenda vizuri. Wenye magari walioona walipunguza tageti, madereva wakaacha kulipitisha gari njia za kuliumiza, faida ikapanda, hata kuaminiana kukaongezeka. Lakini usalama wa abiria haukuboreka kwa sababu tu mwenye gari sasa anaona. Uliboreka pale madereva walipolipwa kidogo wao wenyewe kwa kuendesha salama. Yaani macho yalipatikana, na yakaangalia springi.

Kinyume chake kuna ile kampeni ya Zusha!, vibandiko vya ndani ya gari vilivyomwambia abiria apaze sauti dereva akiendesha vibaya. Ilianza na jaribio la James Habyarimana na William Jack, matokeo yakatoka mwaka 2011: magari yenye vibandiko yalikuwa na madai machache zaidi ya bima, tofauti kubwa kabisa. Kibandiko hakikuongeza habari yoyote. Abiria alishajua gari linakimbia, tumbo lake lilimwambia. Kilichoongezeka ni ruhusa ya kujua kwa sauti.

Nilimpelekea mama haya yote, na grafu zangu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi wanaojua sana. Halafu akasema, "Chama nacho hakijui mvua."

Alikuwa na hoja, na sijaimaliza mpaka leo. Mkopo wake hulipwa tarehe tano, kunyeshe kusinyeshe. Yeye naye ana tageti. Na wenzake wa chama, wanawake kumi na tisa, wana karo na dawa za presha zinazongoja pesa hiyo. Ukipanda ngazi namna hii utakuta kila mtu ana mtu wa juu asiyetaka kujua. Basi lawama inayeyuka? Kwa muda nilitaka iyeyuke. Nilitaka sana. Modeli yangu ilikuwa imeanza kunipa faraja mbaya: angalia, ni mfumo, hakuna mtu, kila mmoja anafuata kanuni zake mbili tatu.

Mama ndiye aliyenirudisha, na swali la kimwalimu. "Siku ile, wewe ulijua kunanyesha?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na pazia lilikuwa limelowa chini. Nilinyanyuka kulifunga kabla ya kujibu ujumbe wa dere. Yeye mwenyewe aliniandikia neno mvua.

"Nilijua," nikasema.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya nadharia iliponitoka mkononi. Ukosefu wa habari upo, sitaki kuudharau. Sikujua kama kweli alikuwa na 2,700 au 3,200. Sikujua kama konda alikuwa ndani au mlangoni. Lakini habari niliyohitaji ili nimwambie "basi, rudisha gari" nilikuwa nayo. Waswahili husema macho hayana pazia. Mimi nilikuwa nalo, na nililifunga kwa mkono. Nilichokosa ni sababu ya kuitumia habari hiyo, maana mkataba ulikuwa umeniambia mapema kwamba mvua hainihusu. Ilikuwa raha, kwa kweli. Siku zote kabla ya ile nilikuwa nalala vizuri.

Je, dere hana lake? Analo. Angeweza kuniandikia, "Boss, siendi." Ni mtu mzima, ana leseni, alikuwa ameshika usukani. Sitaki kumgeuza kuwa kidoti kwenye programu yangu, hiyo itakuwa dharau nyingine. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa, hakulalamika hata kidogo. Alisema, "Wewe hungenifuta kwa siku moja, najua. Lakini ungeandika." Nikamwambia sikuwa naandika popote. Akacheka. "Boss, kila mdosi huandika."

Konda alikaa wiki sita bila kazi na miezi miwili zaidi na gongo. Hakuwa na bima ya kazi, maana kwa karatasi hakuwa mfanyakazi wa mtu. Bili ya hospitali tuliilipa, nusu mama, nusu mimi, na mama akasisitiza tusiite msaada. Siku nilipompelekea pesa ya tatu ya kodi ya nyumba aliniuliza ni mpaka lini, ili ajipange. Sikuwa na jibu, kwa sababu hatukuwahi kuandikiana chochote kinachosema mguu wake ni wa nani. Sasa anapigia magari ya watu debe kwenye steji, anakaa kwenye kiti cha plastiki. Gari letu likipita hulipiga ubavu mara mbili kwa kiganja kama zamani.

Nilibadilisha programu. Nilimwandikia mwenye gari mistari zaidi: aangalie hali ya hewa, ashushe tageti siku mbaya, aongeze kidogo siku nzuri, asifute mtu kwa siku ambazo hata yeye angeshindwa. Zile mbio za jioni zilipungua, na madereva waangalifu walidumu. Pesa ya mwenye gari ilishuka. Si sana, lakini ilishuka, na nimejaribu kanuni mbalimbali nikitafuta ile ambayo haishuki, sijaipata. Wapo watakaokuambia wema hulipa. Kwenye laptopu yangu haukulipa. Uligharimu, na swali likawa nani alipe.

Na barabarani? Tulikaa watatu, mama, dere na mimi, kwenye hoteli moja karibu na steji, chai na mandazi. Tageti sasa ni 3,200 siku za kawaida. Kukinyesha kabla ya saa kumi, ni 2,000, na saa moja jioni gari linarudi hata kama lina mia tano. Kila siku mia mbili zinawekwa kando kwa ajili ya mguu wa mtu, na safari hii tumeandika. Mama aliandika mwenyewe, kwa ile hati yake ya ubaoni, na akaenda kwenye chama kuomba mkopo uongezewe miezi sita. Walimkubalia minne.

Dere alipofika kwenye kipengele cha mvua alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mathe, mtajuaje kumenyesha? Mimi nikisema kumenyesha kila siku?"

"Utasema," mama akajibu, "na siku nyingine utatudanganya."

Jumanne iliyopita alinipigia saa tisa na nusu. Hakusema kumelala wala hakutaja pesa. Aliuliza, "Boss, huko kwako kunanyesha?"

Nikaenda dirishani kuangalia.